Trekta haina kabini na baridi ndiyo hii, mnavaaje?

Wakuu habari za kazi. Naendesha Massey Ferguson huku West Kilimanjaro, haina kabini, ni kiti na usukani tu. Juni hadi Agosti alfajiri ni balaa, vidole vinakufa ganzi mpaka siusikii mkono wa haidroliki (ule wa kunyanyulia jembe). Kabuti refu naliogopa, shafti ya PTO (ile inayozunguka nyuma ya trekta kuendesha mashine) ikidaka pindo umekwisha. Skafu ndiyo kabisa sivai. Glavu za sufu zinateleza kwenye usukani, zikiloa umande ni bure. Bosi anasema ninywe chai ya tangawizi (yeye analala Moshi mjini, atajuaje).

Je, pale Memorial, soko la mitumba Moshi, naweza kupata ovaroli yenye bitana na glavu za ngozi? Na kuna aliyechomelewa kikinga upepo na fundi, jembe la nyuma likabaki linaonekana?