Kofia ya kijana wetu imeokotwa penye tukio: je, vinasaba peke yake vinaweza kumtia hatiani?

Mkaazi wa Wete ameuliza:

Assalaamu alaykum. Naomba rai za wenye elimu ya sheria na ya maabara, kwani jambo hili limetukosesha usingizi nyumbani.

Duka moja katika shehia yetu lilivunjwa usiku na mwenye duka akajeruhiwa mkono. Waliovunja walipita dirishani, na asubuhi yake palionekana damu kwenye kioo kilichopasuka. Chini ya dirisha iliokotwa kofia ya mkono, na kofia hiyo, hatukatai, ni ya mtoto wa kaka yangu, aliyeshonewa na mama yake na kila mtu hapa anaijua kazi ya mkono wa mama huyo. Kijana anasema alimwazima mtoto wa ami yake siku ya harusi, wiki tatu kabla ya tukio, na hakurejeshewa. Sasa ametakiwa atoe mate ili yapimwe DNA, yaani vinasaba, na kulinganishwa na kilichomo ndani ya kofia.

Swali langu ni hili: vinasaba vyake vikikutwa humo, na kwa hakika vitakutwa kwa kuwa ameivaa zaidi ya mwaka, ndiyo kesi imekwisha? Niongeze kwamba kabla askari hawajafika, kofia ile ilishikwa na sheha, na mwenye duka, na watu wasiopungua wanne, kisha ikatiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ambao hapa kwetu hata sokoni hauruhusiwi.

Karafuu Kavu amejibu:

Wa alaykum salaam. Kwa fikra zangu, mwenye mikono safi hana haja ya kuogopa kipimo. Miaka mingi tumelalamika kwamba kesi za udhalilishaji zinaanguka kwa kukosa vipimo, na leo vipimo vinapotajwa tunatafuta kasoro zake. Atoe mate, ukweli utajitenga wenyewe.

Fundi wa Maabara Mstaafu amejibu:

Ndugu Karafuu Kavu, nakubaliana nawe kwamba kipimo si adui, lakini hapa ukweli hautajitenga wenyewe, kwa sababu jawabu la kipimo hicho tunalijua kabla hakijafanywa. Mwenye kofia atakutwa ndani ya kofia yake. Kipimo cha DNA kinajibu swali moja tu, nalo ni seli hizi zimetoka kwa nani. Hakisemi zilifika lini, wala zilifikaje, wala mwenyewe alikuwa wapi usiku ule.

Nieleze kidogo namna kinavyofanyika. Katika vinasaba vya binadamu zipo sehemu ambazo kipande kifupi hujirudia mara kadhaa mfululizo, na idadi ya marudio hutofautiana baina ya mtu na mtu. Katika kila sehemu umerithi idadi moja kwa mama na nyingine kwa baba. Maabara huhesabu marudio hayo katika sehemu nyingi kwa pamoja. Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 2017 kumbukumbu zao za taifa zinatumia sehemu 20. Sehemu zote zikipatikana na zikaafikiana, uwezekano wa mtu mwingine asiye pacha wake wa kufanana kuwa naye sawasawa huwa mdogo mno. Kofia, hata hivyo, ni kielelezo (kitu cha ushahidi) kigumu kukipima. Teknolojia ya leo inaweza kusoma chini ya nanogramu moja, yaani seli mia moja na ushei, kwa hiyo jasho la aliyeivaa, mkono wa sheha na mkono wa mwenye duka vinaweza vyote kuonekana kwa pamoja. Tunaita mchanganyiko, na kuuchambua ni kazi yenye mabishano hata baina ya wataalamu. Aliyeacha seli nyingi si lazima awe ndiye aliyeivaa mwisho.

Mfuko wa plastiki nao una madhara yake. Kitu chenye unyevu hukaushwa kwa hewa na kutiwa katika bahasha au mfuko wa karatasi, kwa sababu joto na unyevu ndani ya plastiki hukuza bakteria na ukungu, na hao huvila vinasaba. Matokeo yake huwa si jina la mtu mwengine, bali ni matokeo pungufu, sehemu chache tu zikisomeka. Hapo ndipo tarakimu zinapowapoteza watu. Tuseme matokeo pungufu yanafanana na mtu mmoja katika kila watu 100,000. Mbele ya hakimu maneno hayo yanasikika kama hukumu, lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, maana yake kwa hesabu hiyo wapo kiasi cha watu 19 visiwani wanaolingana. Na hesabu hiyo inawachukulia watu kama hawahusiani kwa damu, wakati shehia zetu nyingi mnazijua zilivyooana.

Kuna jambo jengine ambalo familia hii lazima ilijue. Ipo aina ya kipimo inayosoma kromosomu Y pekee, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume karibu bila ya mabadiliko. Kijana na mtoto wa ami yake, ikiwa baba zao ni ndugu wa baba mmoja, watatoka sawa katika kipimo hicho, pamoja na babu yao na maami wasiohusika. Kwa hiyo ulizeni ni kipimo gani kitakachotumika, maana kile cha kawaida kinaweza kuwatenganisha vijana hawa wawili.

Lakini kwa nini mazungumzo yote yanahusu kofia? Kofia huazimwa, huibiwa, hupeperuka. Damu iliyo kwenye kioo haiazimwi. Aliyejikata akipita dirishani ndiye mwenye damu ile, isipokuwa kama ni ya mwenye duka mwenyewe, na hilo pia linapimika. Ningekuwa mimi ndiye mzee wa kijana huyo, ningeomba damu ile ipimwe kabla ya kitu chengine chochote.

Wakili Mnyonge amejibu:

Namuunga mkono Fundi katika suala la damu, na naongeza upande wa sheria.

Ripoti ya mkemia, yaani mtaalamu wa maabara aliyefanya kipimo, ni rai ya shahidi mtaalamu. Mahakama huipa uzito inaoustahili baada ya kuitazama pamoja na ushahidi mwengine, na hailazimiki kuifuata. Jukumu la kuthibitisha kosa pasipo shaka ya msingi linabaki kwa upande wa mashitaka. Kijana halazimiki kuthibitisha kuwa hakuwepo. Kofia ni ushahidi wa mazingira, yaani hauonyeshi tendo lenyewe bali dalili zake tu, na ushahidi wa namna hiyo hautoshi kumtia mtu hatiani ikiwa yapo maelezo mengine ya kuaminika yanayoafikiana na kutokuwa na hatia. Kuazimana kofia ni maelezo ya namna hiyo, kwa sharti yatolewe mapema na yawe na wa kuyaunga mkono. Asije akakana kwamba kofia ni yake, kisha vinasaba vikamuumbua, kwani uongo ule utamdhuru kuliko kofia yenyewe.

Kuhusu kielelezo, wakili wake atataka kuona maandishi ya kila mkono uliokipokea: nani alikiokota, nani alikifunga, kilihifadhiwa wapi, nani alikipeleka maabara na lini. Mlolongo huo ukikatika, mahakama ina sababu ya kujiuliza kama kilichopimwa ndicho kilichookotwa. Andikeni sasa hivi majina ya walioishika kofia, kabla kumbukumbu hazijachujuka.

Ama kutoa mate au kukataa, asiamue peke yake wala asiamuliwe hapa. Akae na wakili aliyesoma jalada. Msio na uwezo msikate tamaa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar ipo tangu mwaka 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Pemba.

Karafuu Kavu amejibu:

Nimefahamu, na la damu sikuwa nimelifikiria. Hata hivyo, Wakili, kipimo hiki mbona kinasifiwa dunia nzima kwamba hakikosei?

Fundi wa Maabara Mstaafu amejibu:

Kukosea hukosea watu. Ujerumani polisi walimsaka kwa miaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilikutwa katika matukio kiasi cha 40, mauaji na wizi mdogo mdogo, hata nchi jirani. Mwaka 2009 ikabainika kuwa ni mfanyakazi wa kiwandani aliyeshika vijiti vya pamba vilivyotumika kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimesafishwa vijidudu, lakini havikusafishwa vinasaba.

Na usisahau kesi ya jinai ya kwanza kabisa kutumia vinasaba. Katika jimbo la Leicestershire, Uingereza, wasichana wawili waliuawa, mmoja mwaka 1983 na mwengine mwaka 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri moja ya mauaji hayo. Mwanasayansi Alec Jeffreys, aliyegundua mwaka 1984 njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba, alipopima aliona mhalifu ni mmoja kwa mauaji yote mawili, na si yule kijana. Mtu wa kwanza kuguswa na DNA katika kesi ya jinai, basi, aliachiwa huru. Polisi wakawapima wanaume zaidi ya 5,000 bila ya kumpata, kwa kuwa muuaji alimtuma mwenzake wa kazini akatoe damu kwa jina lake. Alikamatwa baada ya mwenzake huyo kuropoka baa na mtu mmoja akaenda kuripoti; akahukumiwa mwaka 1988.

Mkaazi wa Wete amejibu:

Nawashukuru nyote, Mwenyezi Mungu awalipe. Jana tumekaa kikao cha ukoo. Mtoto wa ami yake anasema hakumbuki kuazimwa kofia, lakini shangazi yetu ana picha za harusi katika simu yake, na katika picha mbili anaonekana ameivaa, na viua vyake vinasomeka vizuri. Tumezihifadhi. Kesho tunakwenda Chake Chake kuonana na wakili, na la kwanza tutakalomuuliza ni la damu ya kwenye kioo.