Msaada: Kiingereza cha mtaani nimefundishwa na wazee, maneno yapi bado yanasemwa?

BintiPangani
Shikamooni wakubwa. Niko Uingereza mwaka wa pili sasa, nahudumia kwenye nyumba ya wazee. Kiingereza cha darasani nilikuja nacho, ila cha mtaani nimekiokota kwa wazee wangu wenyewe, wa miaka 80 na 90 huko. Juzi kijana tuliyekuwa naye zamu moja kaniuliza chakula kikoje, nikamjibu "spiffing", yaani kizuri sana. Alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa na ubaya, lakini niliona haya sana. Mwezi ujao nina usaili. Je, "quid", "bloke", "chuffed", "groovy" na "old chap" bado yapo, au niyaache yote?

Mkazi wa Manchester
Marahaba mdogo wangu. Usiyatie kapu moja. "Quid" ni pauni, wanalisema tangu karne ya 17 na sokoni utalisikia kutwa. Angalia tu halina wingi: ni "ten quid", kamwe si "ten quids". Hapo wengi wetu tunajikwaa. "Bloke", yaani mwanamume, liko hai, na "chuffed", yaani kufurahi, hata wakubwa wa kazi wanalisema. "Spiffing" na "old chap", yaani rafiki yangu, siku hizi ni ya mzaha, mtu akiigiza mabwana wa zamani.

Kaka Mjuzi
"Groovy", yaani safi sana, na "cool" yote yametoka kwa wanamuziki weusi wa jazz Marekani. La kwanza likanasa miaka ya 1960, ukilisema unaonekana umevaa suruali ya bugaluu. "Cool" halijazeeka, kama "poa" yetu.

NairobiMashariki
Na "bob" je? Waingereza waliita shilingi hivyo, shilingi yenyewe wakaachana nayo 15 Februari 1971 walipoanza kuhesabu pauni kwa peni 100. Huku kwetu makanga anakudai "fifty bob" hadi leo!

BintiPangani
Kumbe! Bibi mmoja huku husema saa yake ni "worth a few bob", yaani ya pesa nyingi. Nilidhani Bob ni mtu.

MamaWawili
Mwanangu, kwenye usaili sema Kiingereza cha kawaida, hayo yote weka pembeni.

Mkazi wa Manchester
Mama, kwa usaili wa benki nakubali. Lakini binti, kama ni kazi ya wazee tena, waambie wazi kwamba unaelewa lugha yao. Mzee akisema yuko "poorly" anaumwa, na mhudumu asiyelijua neno hilo atampita.

BintiPangani
Ni ya wazee, ndiyo. Asante sana, nitalisema hilo. La mwisho: babu mmoja kila nikisahau miwani yake ananiambia "use your loaf". Mkate unaingiaje hapo?

Kaka Mjuzi
Huo ni msemo uliotoka kwa watu wa London mashariki. Wana mchezo wa vina: "loaf of bread" inalingana na "head", kisha wanakata mkia wanabaki na "loaf". Anakwambia tumia kichwa. Hilo bado linasemwa.