Naombeni ushauri: mtori umepoa mara tatu na sijavuka kwenda kwa jirani

Mkaa Mlimani: Wakuu, Bwana asifiwe. Ninaishi Kibosho, Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, nilichoachiwa na marehemu baba. Jirani yangu, mzee aliyepita miaka 70, aliteleza mferejini mwezi uliopita akavunjika nyonga. Watoto wake wako Dar es Salaam, na anayemhudumia ni mjukuu wa darasa la tano. Hatujasalimiana kwa miaka miwili. Kila ninapomwomba Mungu nguvu ya kumpenda, mke wangu hupika mtori wa ndizi, nami huubeba hadi kwenye kona ya uzio, kisha miguu inagoma. Mtu huipataje nguvu hiyo?

Shemasi Mstaafu: Ndugu yangu, nguvu hiyo hukutwa njiani. Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana, lakini yule Msamaria alifunga majeraha, akatia mafuta na divai, akaacha dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, wala hatuambiwi kwamba alingoja moyo wake utulie kwanza. Na wanaopenda kutaja Wafilipi 4:13 wakumbuke kwamba Paulo aliyaandika akiwa kifungoni, akizungumzia kushiba na kuona njaa.

Dada wa Tabata: Mimi jirani yangu alikuwa akimwaga maji ya kufulia mlangoni kwangu kila Jumamosi. Alipojifungua kwa upasuaji nilimfulia nepi wiki nzima, na alipopona akaendelea kumwaga maji palepale. Sijutii kumsaidia, ila ndoo yangu kubwa hajairudisha hadi leo.

Ndizi Mshare: Mkuu, nielekeze kwako. Miguu yangu haijawahi kugomea mtori.

Mama Wawili: Kaka, hujatueleza mligombania nini. Watu wazima hawanuniani miaka miwili bila sababu.

Mkaa Mlimani: Ni mambo madogo ya mpaka, dada.

Mama Wawili: Madogo kiasi gani?

Mkaa Mlimani: Haya. Nilipojenga uzio wa matofali niling'oa masale, ile mimea ya mpakani, na kuingia kwake hatua nne, kwa sababu fundi alitaka mstari unyooke na pale palikuwa na migomba miwili tu iliyozeeka. Mzee alinishtaki, shauri likafika baraza la kata. Hata hivyo naomba tusichanganye mambo: ardhi ina sheria zake, na mtori ni upendo. Isitoshe, kupitia jumuiya yetu nimechangia nusu ya gharama za hospitali bila jina langu kutajwa, na matofali yale yalinigharimu mno kuyabomoa sasa.

Shemasi Mstaafu: Kumbe! Basi soma Kumbukumbu la Torati 27:17, inayomlaani aondoaye mpaka wa jirani yake, kisha Mathayo 5:23-24, ambako mwenye sadaka anaambiwa aiache mbele ya madhabahu akapatane kwanza na nduguye. Nawe ni Mchagga, huhitaji kufundishwa kwamba masale tunayopanda mpakani ndiyo hayohayo anayoyashika mtu anapokwenda kuomba msamaha. Umekuwa ukiomba nguvu ya kubeba bakuli, mwanangu, na bakuli si zito.

Mpelelezi Huru: Uzi huu umetungwa. Miguu imegoma mara tatu, kama Petro na jogoo wake? Mgonjwa wa nyonga anahudhuriaje baraza? Na aliyechangia kwa siri mbona anatutangazia?

Dada wa Tabata: Hata mimi nimeanza kushangaa, hasa hiyo nusu ya gharama.

Ndizi Mshare: Hata kama ni hadithi, mimi njaa yangu ni ya kweli.

Mkaa Mlimani: Shauri lilifunguliwa kabla hajaanguka, na kikao kimeahirishwa kwa ajili yake. Nilichobadili ni darasa la mjukuu tu, ili mtoto asijulikane. Kuhusu mchango, ni kweli nimejisifu, na nimeona aibu nilipousoma tena.

Mama Wawili: Mimi sijali kama ni kweli au si kweli. Nina swali moja: masale uliyong'oa uliyatupa wapi?

Mkaa Mlimani: Nyuma ya banda la ng'ombe. Niliyarundika huko nikidhani yatakauka niyachome. Baada ya kusoma maneno ya Shemasi nimekwenda kuyatazama na tochi. Yamechipua.