Kumbe hata pesa ya kujikimu ya mwanafunzi wa chuo kikuu ni deni? Wazazi wenzangu, nani aliwaeleza?

Wenzangu, huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu kwa sababu ya hasira. Leo naachilia.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kayole, nauza sweta za watoto soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, mwaka wa 13 sasa. Kifungua mimba wangu alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, 2023 akapata B, na 2024 akaitwa chuo kikuu cha umma kusomea takwimu. Siku alipopata barua nililia pale pale kibandani hadi wateja wakadhani nimefiwa. Kisha nikaisoma tena barua yenyewe. Gharama ya kozi kwa mwaka: Sh240,000. Mdogo wangu alisoma chuo cha umma chini ya ule mfumo wa zamani, na karo ya masomo ilikuwa Sh16,000 kwa mwaka. Nikasema hapa mtu amekosea kuchapa.

Hakuna aliyekosea. Tangu 2023 kila kozi ina bei yake kamili, na bei hiyo hukatwa vipande vitatu: ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi, mkopo wa Helb, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na kile kinachobaki kwa familia. Kila mwanafunzi huwekwa kwenye bendi, kuanzia ya 1 mpaka ya 5, kulingana na hali ya nyumbani kwao. Haya yote nimeyajua kwa kuulizauliza, tayari mambo yakiwa yameharibika.

Yalianza kuharibika hapa. Fomu ya kuomba pesa inajazwa mtandaoni. Simu ya kijana ilikuwa imepasuka kioo, kwa hivyo tukaenda saiba moja ya mtaani, duka la kompyuta na intaneti, mimi na yeye, jioni nikitoka sokoni. Foleni ilifika nje. Yule kijana wa saiba alikuwa anajaza fomu za watu wawili kwa wakati mmoja, anarukia kompyuta hii, anarudi kwa ile. Akafika kwangu bila hata kugeuza shingo.

"Mathe, biashara inaingiza ngapi kwa mwezi?"

"Mwezi ukiwa mzuri, kama elfu sitini na tano."

Akaandika 65000. Akabofya. Akaenda kwa ukurasa unaofuata. Nikalipa Sh500 yake, nikashukuru, nikamwambia Mungu akubariki mwanangu.

Elfu 65 ni MAUZO! Kila mtu wa Gikomba anajua biashara "kuingiza" ni nini. Pesa inaingia mkononi ikiwa tayari ina wenyewe. Belo tatu za mitumba kwa mwezi, kila moja elfu 15, hizo ni elfu 45 zimeenda. Weka stoo, mkokoteni, na ushuru wa kanjo, yaani kaunti. Na ukifungua belo hujui utakuta nini: unaweza kutoa kamera, zile nzuri kabisa, dazeni mbili na zingine zote zikawa za fagia, za kuuza shilingi hamsini hamsini jioni. Kinachobaki cha kupika, kulipa nyumba na kulipia hawa wadogo wawili ni kama elfu 14. Hicho ndicho kipato changu. Lakini kwa ile kompyuta mimi ni mtu wa elfu 65.

Sasa tazameni hiyo namba moja ilivyonifanyia. Mwaka 2024 bendi ya 2 ilikuwa ya nyumba zenye kipato kisichozidi Sh23,670 kwa mwezi. Bendi ya 3 ilipanda mpaka Sh70,000. Mwanangu akaangukia ya 3. Kwa bendi ya 2 serikali ilitoa ufadhili wa asilimia 60, mkopo 30, familia 10. Kwa ya 3 ufadhili ulishuka hadi 50, mkopo ukabaki 30, na familia ikabeba 20. Kwa kozi ya Sh240,000, hiyo ilikuwa tofauti ya mimi kulipa Sh24,000 kwa mwaka au kulipa Sh48,000. 

Na hilo bado silo lililonikosesha usingizi.

Januari kijana alikuja nyumbani wikendi, akakaa jikoni nikikatakata sukuma, akanionyesha simu. "Mama, angalia huu mkopo." Sisi tulikuwa tumepiga hesabu kuwa mkopo ni asilimia 30, yaani Sh72,000. Simu ilionyesha Sh122,000. Nikaweka kisu chini. Tukapekua hadi tukaelewa: ile elfu 50 ya kujikimu, anayotumiwa kula na kulipia chumba, ni mkopo pia. Haihesabiwi ndani ya ile asilimia 30, inawekwa juu yake. Isipobadilika, piga mara miaka minne: Sh488,000. Kijana wa miaka 19 anaelekea kudaiwa karibu nusu milioni na alikuwa hajui!

Na mimi nilikuwa nimeuliza! Siku ya kumpeleka kuripoti nilisimama dawati la fedha pale chuoni, nikamuuliza mama aliyekaa hapo, hii ya kujikimu ni ya nini? Akanijibu, "Hiyo ni ya mtoto, mama, wewe usijali." Basi. Sijali. Sentensi hiyo bado naisikia nikilala. Yeye anajua, kazi yake ni hiyo, na mbele yake amesimama mzazi anayeuliza kwa Kiswahili kilichonyooka. Angeninyima nini kusema tu, mama, hiyo ni deni, mtoto akiweza atumie kidogo?

Maana deni hili lina meno. Helb iko chini ya sheria ya bunge tangu 1995, si chama cha akina mama cha kubembelezana. Riba ya shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Akimaliza masomo anapewa mwaka mmoja, kisha aanze kulipa. Asipolipa, faini ni Sh5,000 kila mwezi. Fanyeni hesabu nilizofanya mimi nyuma ya daftari la belo: riba ya Sh488,000 kwa mwaka ni kama Sh19,500, lakini faini ya mwaka mmoja ni Sh60,000. Faini inaizidi riba mara tatu! Kijana akikaa miaka miwili bila kazi baada ya huo mwaka aliopewa, na mnaijua Nairobi hii, faini itakuwa imeongeza Sh120,000. Juu ya hapo jina linapelekwa CRB, wanaoweka rekodi za wasiolipa madeni, na waajiri wengine wanadai cheti cha Helb kabla ya kumwandika mtu.

Msinielewe vibaya. Siwaambii watoto wakatae mkopo. Si rahisi Nairobi hii kupata pesa kwa asilimia 4 kwa mwaka. Elfu 24 ya muhula wa kwanza nilikopa chama chetu cha kuweka akiba, asilimia 10 kwa MWEZI, Sh2,400 kila mwezi kabla sijagusa deni lenyewe. Na hiyo elfu 24 ndiyo ingekuwa sehemu yangu ya mwaka mzima kama angewekwa bendi ya 2. Basari niliomba, nikapata cheki ya elfu 5, nikashukuru. Kwa hivyo mkopo wa Helb ni msaada, nakubali. Ninachokataa ni mtoto kuingizwa kwenye deni la nusu milioni kama anayejaza fomu ya kubadilisha laini ya simu.

Kwa nini hakuna mtu hata mmoja aliyetuita wazazi, kule shule ya upili kabla watoto hawajaondoka, akatuambia kwa Kiswahili: hiki hakirudishwi, hiki kinarudishwa, hiki ni chako mzazi? Tuliitwa kwa michango ya basi. Tuliitwa kwa maombi ya mtihani. Kwa hili, kimya. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini kila karatasi niliyoishika tangu 2024, kuanzia barua ya chuo hadi zile kurasa za saiba, ni Kiingereza kitupu. Ningeulizwa "faida yako baada ya kutoa gharama ni ngapi?" ningejibu elfu 14 bila kufikiri. Niliulizwa kwa haraka, nikajibu kwa haraka.

Na wale mnaotuambia sokoni "usilipe, korti ilitupa huo mfumo", tafadhali muache. Ni kweli Mahakama Kuu Desemba 2024 ilisema mfumo huu unakiuka Katiba. Lakini Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasitisha hukumu hiyo kesi isikilizwe kwanza. Jirani yangu aliwasikiliza, hakulipa, na binti yake alizuiwa kufanya mtihani.

Mwenye mtoto anayeingia mwaka huu: kaa naye wewe mwenyewe mkijaza, hata kama ni usiku mzima. Andika kinachobaki, usiandike mauzo. Mkopo huombwa upya kila mwaka, msisahau. Na muulize mtoto anahitaji ngapi hasa ya kujikimu.

Mimi nimekata rufaa ya bendi mara mbili, bado sijajibiwa. Wanataka uthibitisho wa kipato, na mimi sina slipu ya mshahara, nina daftari la belo lenye alama za mafuta. Jana nimechapisha taarifa ya M-Pesa ya miezi 6, kurasa 41, na zote zinaonyesha pesa ikiingia, haziko wazi kuonyesha ilikoenda. Kuna mtu wa biashara ndogo humu aliyewahi kubadilishiwa bendi? Ulipeleka karatasi gani? Chifu alikuandikia, ama ulitumia risiti za belo? Niandikieni hapa, Ijumaa sifungui kibanda, nazipeleka mwenyewe.