Mdogo wangu kakataliwa viza ya ulinzi Australia, na baraza la rufaa limemtosa. Mahakamani aseme nini?

Mwana_Uvira: Wakuu, naombeni ushauri. Dogo yuko Melbourne. Afisa wa uhamiaji alikubali kwamba alikuwa mwanaharakati kule Uvira, ila akasema angeweza kuhamia Kinshasa akaishi salama. Tukakata rufaa barazani. Kikao kizima ni Kinshasa tu: Kilingala unakijua? Una ndugu kule? Ungefanya kazi gani? Uamuzi umetoka wiki iliyopita, Kinshasa wala haimo. Eti hawaamini kama aliwahi kuwa mwanaharakati! Hilo hakuulizwa hata mara moja. Aanzie wapi?

Ngosha_Perth: Pole sana. Akusanye ushahidi mpya: picha za maandamano, barua ya mchungaji. Jaji ataona kijana anasema kweli.

Bi_Shamimu: Ngosha, unampoteza mwenzio. Jaji haamui kama dogo ni mkimbizi au siyo. Anaangalia kama baraza lilifuata sheria, ikiwemo kumsikiliza kwa haki. Na hoja mnayo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kesi ya SZBEL, baharia kutoka Iran (waombaji huandikwa kwa herufi, sheria inakataza kutangaza majina yao). Baraza lilimkatalia kwa mambo ambayo mengine afisa wa kwanza hakuyatilia shaka, na hakuna aliyemwambia kwamba sasa yana utata. Alishinda.

Kaka_Mkubwa: Muda, jamani! Kufungua kesi mahakamani ni ndani ya siku 35, na zinahesabiwa toka tarehe ya uamuzi, siyo siku aliyofungua barua pepe. Akichelewa itabidi aombe nyongeza kwa maandishi na kujieleza, na jaji anaweza kukataa. Viza ya kusubiri (ile ya kukaa nchini wakati kesi inaendelea) nayo aiombe upya, kufungua kesi hakuirefushi. Halafu wakala aliyemjazia fomu hawezi kumsimamia mahakamani. Atafute mwanasheria.

Mwana_Uvira: Asanteni. Kwa hiyo tukionyesha hakuulizwa, tumemaliza?

Bi_Shamimu: Bado. Lazima ionekane kwamba angeulizwa, matokeo yangeweza kuwa tofauti. Kesi ya LPDT ya 2024 imesema uwezekano wa kweli unatosha, huhitaji kuthibitisha kwamba angeshinda. Kwa hiyo aape kwa maandishi angejibu nini na angeleta nini. Hapo ndipo ile barua ya mchungaji inapata kazi, Ngosha usinune. Tena aombe rekodi ya sauti ya kikao, aisikilize yote mwenyewe. Kama kuna swali moja tu kuhusu uanaharakati wake, wakili wa Waziri wa uhamiaji, ambaye ndiye upande wa pili kwenye kesi, atalikamata hilohilo.

Ngosha_Perth: Sijanuna dada 😂 Akishinda anapewa viza?

Bi_Shamimu: Hapewi. Faili linarudi barazani kusikilizwa upya. Akishindwa, kwa kawaida analipishwa gharama za upande wa pili, kwa hiyo mwanasheria aisome kesi kwanza.

Mwana_Uvira: Nimempigia sasa hivi. Rekodi hana, anaiomba kesho asubuhi. Kuna anayemjua mwanasheria wa msaada wa bure huko Victoria? Njoo inbox.