MREJESHO: Ndoto za kupigana na kaka yangu

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza maana ya kuota kila mara napigana na kaka yangu, ngumi zangu hazina nguvu. Wengine mlisema nimelogwa, wengine kwamba nina kinyongo. Kinyongo kilikuwepo kweli: tangu tugawane hela za dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hatukusalimiana. Ngumi kulegea, daktari aliniambia usingizi wa ndoto hulegeza misuli ya mwili.

Juzi nikamfuata kwake Igoma. Alifungua mlango ameshika mwiko wenye ugali, akanitazama weee, kisha akanisogezea kigoda. Tulikula sato kimya. Habari ya hela tuliigusa tukishanawa, akakiri alikosea hesabu. Nililia, sifichi. Usiku ule nilimwota tena, tunavuta nyavu pamoja. Asanteni sana.