Naomba ushauri: kifundo bandia cha mguu au kuunganisha mifupa?

Habari zenu wakuu. Mama yangu, miaka 66, aliwahi kuvunjika kifundo cha mguu. Sasa gegedu limelika, mfupa unasaga mfupa. Dawa na sindano zimegonga mwamba, usiku halali. Daktari katupa njia mbili: kifundo bandia cha chuma na plastiki, mguu uendelee kukunjika, ila kinaweza kulegea baada ya miaka akapasuliwa tena, au mifupa iunganishwe kwa skrubu, kifundo kisicheze tena. Mwenyewe anataka bandia, eti hataki kutembea kama roboti (mama huyu!). Mimi naogopa kidonda, maana ana kisukari. Mliofanyiwa au kuuguza mtu, ilichukua wiki ngapi kabla ya kukanyaga? Na tumuulize nini daktari kabla ya kusaini?